Shajara ya mradi: Ikisiri za Kiingereza, kila fani na shaka yake

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimeanza. Kazi yenyewe ni kijitabu cha Kiswahili, kurasa arobaini hivi, cha kumweleza mwanafunzi wa uzamili jinsi ikisiri za makala za Kiingereza, yaani ule muhtasari mfupi unaotangulia makala, zinavyojengwa katika fani mbalimbali, na kwa nini ya daktari haifanani na ya mwanahisabati. Nimehariri kazi za wanafunzi miaka mingi. Karibu kila wiki naletewa ikisiri ambayo utafiti wake umefanywa kwa jasho, lakini ukimaliza kuisoma hujui mwenyewe amegundua nini.

Aliyenisukuma ni binti mmoja wa afya ya jamii. Aliniandikia usiku: "Shikamoo mwalimu. Wamenirudishia tena. Wanasema ikisiri haioneshi nilichopata." Nikaifungua palepale. Ilianza na ukubwa wa tatizo duniani, ikateremka Afrika, ikaingia Tanzania, ikafika mkoani, ikakaribia kijijini. Hapo ilishakula theluthi mbili ya nafasi. Ikafuata sentensi moja ya mbinu, kisha hii: "The findings are presented and discussed." Matokeo yamewasilishwa na kujadiliwa. Matokeo yepi? Alikuwa nayo, tena mazuri, yamejipanga kwenye jedwali la tatu. Mhariri wa jarida hakulifikia jedwali la tatu.

Siwezi kumlaumu. Ikisiri tulizokua nazo kwa Kiswahili ndivyo zinavyokwenda: makala hii inachunguza, data zilikusanywa kwa hojaji na usaili, matokeo yamejadiliwa, mapendekezo yametolewa. Hiyo ni ikisiri elekezi, inakwambia ndani mna nini kama ubao wa duka. Ikisiri arifu ndiyo inayokupa bidhaa mkononi. Majarida ya sayansi ya Kiingereza, kwa sehemu kubwa, yanataka hiyo ya pili, na mwanafunzi wetu anawatafsiria ile ya kwanza neno kwa neno.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku mbili zimepita nikipanga kukusanya ikisiri mamia. Nimeacha. Kazi hiyo ilishafanywa: Ken Hyland, mwanaisimu Mwingereza, alichambua ikisiri 800 za fani nane, mia moja kwa kila fani, akachapisha matokeo mwaka 2000. Alikuwa na falsafa, sosholojia, isimu tumizi, masoko, biolojia, fizikia, uhandisi wa mitambo na uhandisi wa elektroniki. Alizigawa katika hatua tano ambazo nami nitazitumia: utangulizi, lengo, mbinu, matokeo, hitimisho. Kabla yake John Swales alishaonesha, kuanzia 1981 na kwa ukamilifu zaidi 1990, kwamba utangulizi wa makala una mwendo wake: mwandishi anaonesha uwanja, anaonesha pengo lililomo uwanjani, kisha anaingia kwenye pengo. Wanafunzi wetu wanalijua sana neno pengo. Wanaliandika hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Alichokiona Hyland ni kwamba hatua hizo hazipewi uzito sawa. Watu wa sayansi ya jamii na humania hupenda kufungua kwa kuweka mazingira ya mjadala. Wahandisi na wanafizikia mara nyingi huiruka hatua hiyo na kuipa mbinu nafasi. Hapo ndipo ninapotaka kuelewa kwa undani: kwa nini? Mamia hayatanisaidia. Nitachukua chache, maarufu, ambazo mtu mwenye simu anaweza kuzitafuta na kuzisoma bila kulipia makala nzima, nikae nazo sentensi kwa sentensi. Nimenunua penseli tano za rangi: kijani utangulizi, bluu lengo, njano mbinu, nyekundu matokeo, zambarau hitimisho.

Jumamosi, 6 Septemba

Hisabati kwanza. Ben Green na Terence Tao, makala ya namba tasa, waliiweka mtandaoni 2004, ikatoka katika Annals of Mathematics 2008. Sentensi ya kwanza: "We prove that there are arbitrarily long arithmetic progressions of primes." Tunathibitisha kwamba ipo mifuatano ya namba tasa zinazopishana kwa kiasi kilekile, mirefu kadiri utakavyo. Penseli nyekundu imeshika kazi na ya kijani haijaguswa. Hakuna "tangu zama za kale binadamu amevutiwa na namba". Msomaji wa jarida lile anajua kwa nini jambo hilo ni kubwa.

Baada ya dai wanasema viungo vikuu ni vitatu, wanavitaja kimoja kimoja, na cha pili ndicho wanachokiita kipya katika makala yao. Neno walilotumia ni "ingredients", la jikoni kabisa, na kwa Kiswahili limeangukia pazuri: viungo. Nimefurahia hilo asubuhi nzima. Ni kama mama anayekwambia pilau imeshaiva, sasa njoo nikueleze nilitia nini.

Mwenzangu anayefundisha hisabati alipita kunisalimu. Nikamuuliza kwa nini hata mwanahisabati aliye peke yake huandika "we". Akasema: "Kaka, pale ni mimi na wewe unayesoma. Uthibitisho tunautembea pamoja." Nimeliandika ukingoni mwa daftari, litaingia kijitabuni kama lilivyo.

Kisha ikisiri ya mawimbi ya graviti, Physical Review Letters, Februari 2016. Inaanza: "On September 14, 2015 at 09:50:45 UTC". Tarehe, saa, dakika, sekunde. Nilibaki nikiitazama. Einstein aliyatabiri mawimbi haya 1916, watu wakayasubiri karne nzima, na waliokuja kuyapata hawaanzi na Einstein. Wanaanza kama askari anayeandika taarifa ya tukio kituoni: vigunduzi viwili vilipata ishara kwa wakati mmoja. Wanaendelea: uwezekano wa kelele kuleta ishara kama ile ni chini ya mara moja katika miaka 203,000. Kisha uzito wenyewe: mashimo meusi mawili, moja la majua 36 hivi, jingine 29, yakaungana likawa moja la majua 62, na uzito wa majua matatu uliopungua ukatoka kama mawimbi. Sentensi ya mwisho kabisa ndiyo inayosema kwamba hii ni mara ya kwanza mawimbi ya graviti kunaswa moja kwa moja.

Hapo ndipo mradi uliponikaa kichwani. Msomaji wa fizikia hakuwa na shaka kwamba mawimbi hayo ni jambo kubwa. Shaka yake ilikuwa: mna hakika si kelele za mashine? Ikisiri nzima imejipanga kuijibu shaka hiyo, na furaha imewekwa mkiani. Msomaji wa hisabati shaka yake ni nyingine: mmeweza kwa zana zipi? Nimeandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa: FANI HII INATILIA SHAKA NINI?

Jumatano, 10 Septemba

Uchumi. David Card na Alan Krueger, American Economic Review, 1994. Nao wanaanza na tarehe: "On April 1, 1992". Siku hiyo kima cha chini cha mshahara New Jersey kilipanda kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Wakahoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka, ya jimbo hilo na ya mashariki mwa Pennsylvania, kabla na baada. Hawakuona dalili kwamba ajira ilipungua.

Tarehe mwanzoni kama kwa wanafizikia, lakini kazi yake ni tofauti. Kule ilikuwa saa ya tukio waliloliona. Hapa ni siku ambayo sheria iliwagawa watu: upande huu wa mpaka mshahara umepanda, upande ule umebaki palepale. Mchumi shaka yake haibadiliki: umejuaje kwamba ni hili lililosababisha, si jingine? Tarehe na mpaka ndiyo majibu. Jarida hilohilo sasa linataka ikisiri isizidi maneno 100. Nilijaribu kuibana ya yule binti ndani ya maneno 100 na nikakwama Afrika, kabla ya kuingia Tanzania.

Jioni nimekaa na ile niliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa ni ya kwetu: Edward Miguel na Michael Kremer, Econometrica, 2004, dawa za minyoo katika shule za msingi za Busia, magharibi mwa Kenya. Shule 75, wanafunzi zaidi ya 30,000. Ikisiri ina sentensi sita tu.

Ya kwanza, kijani: minyoo ya aina nne, na kichocho kimo, imeingia katika zaidi ya robo ya watu duniani. Ya pili ndiyo iliyonifunza zaidi. Ni pengo, lakini si lile la wanafunzi wetu la "hakuna aliyetafiti jambo hili katika wilaya hii". Wanasema waliotangulia wametafiti na wamekosea kipimo, tena mara mbili: ukimpa dawa mtoto mmoja na kumnyima jirani yake wa dawati, jirani naye ananufaika kwa sababu minyoo imepungua uwanjani, kwa hiyo ukiwalinganisha wawili hao dawa inaonekana haina nguvu kama iliyo nayo. Pengo la namna hiyo lina uzito, kwani linakuja na sababu yake.

Ya tatu: "We evaluate a Kenyan project". Dawa zilitolewa shule kwa shule kwa utaratibu wa nasibu, si mtoto kwa mtoto. Ya nne, nyekundu: utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizopata dawa, na kwa gharama ndogo sana kuliko njia nyingine. Ya tano inasema hata watoto ambao hawakunywa dawa walinufaika, na wa shule jirani pia, kiasi kwamba inafaa tiba itolewe bure kabisa. Ya sita inaanza na neno la herufi tatu: "Yet". Hata hivyo hawakupata ushahidi kwamba alama za mitihani zilipanda.

Nimelipigia mstari hilo "Yet" kwa rangi mbili. Wangeweza kulificha ukurasa wa ishirini. Wameliweka mahali ambapo kila mtu atalisoma, na ndipo msomaji anapopata sababu ya kuziamini zile tano za juu.

Jambo moja linaniuma. Nimesoma mara tatu nikilitafuta neno Busia. Halimo. Ile 75 nayo haimo. Kwa mchumi Busia ni mahali ambapo kanuni imejaribiwa, na kanuni ndiyo habari.

Jumamosi, 13 Septemba

Tiba. Nimelinganisha na jaribio la Mwanza, Grosskurth na wenzake, The Lancet, 1995. Jamii 12 za vijijini, jozi sita: katika kila jozi upande mmoja vituo vya afya viliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa, upande wa pili ukasubiri. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 upande ulioboreshewa tiba na 1.9 upande uliosubiri.

Ikisiri inafunguliwa kwa "A randomised trial was done". Kauli ya kutendwa, hakuna "sisi", na papo hapo mahali: vijijini, mkoa wa Mwanza, Tanzania. Yote ambayo mchumi aliyaacha, daktari anayatanguliza. Ni haki yake. Shaka ya daktari aliyeko wodini ni hii: wagonjwa hawa wanafanana na wangu? Walichaguliwaje? Usipomwambia mahali, hawezi kuanza kukuamini.

Makala ile ya Mwanza ilikuja na ikisiri ya aya moja, bila vichwa vidogo. Vichwa vilikuwa vimeshapendekezwa: mwaka 1987 kikundi cha madaktari kilichoongozwa na Brian Haynes wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilitoa pendekezo katika Annals of Internal Medicine kwamba ikisiri za tafiti za tiba ziwe na lengo, muundo wa utafiti, mahali, wagonjwa, tiba iliyotolewa, vipimo na matokeo makuu, hitimisho. Nia ilikuwa kumsaidia daktari mwenye foleni mlangoni apime haraka kama makala inafaa kusomwa. Leo majarida makubwa ya tiba yanaidai namna hiyo, na tangu 2008 kuna orodha maalumu ya mambo ambayo ikisiri ya jaribio la nasibu haipaswi kuyakosa.

Naviheshimu vichwa hivi kuliko nilivyodhani. Ukiandika "Results" na nukta mbili mbele yake, huwezi kufuatisha "the findings are discussed". Utaona aibu. Nafasi yenyewe inakudai namba.

Jumatatu, 15 Septemba

Fupi leo, umeme umekatika tangu saa nane.

Kijana wa fasihi ameniletea ikisiri ya riwaya tatu yenye vichwa "Background, Methods, Results, Conclusion". Msimamizi wake alimwambia ndio utaratibu wa kimataifa. Nimekaa naye tukaondoa vichwa vyote. Katika fasihi na falsafa msomaji ameshazisoma riwaya hizo, na pengine anazijua kuliko wewe. Anachouliza ni kwa nini tuzisome tena. Kwa hiyo sentensi za mwanzo zinaonesha wengine wamezisomaje, kisha linakuja "I argue that", nami nasema hivi. Hoja ndiyo matokeo. Na hapo "I" inakubalika, tena ndiyo inayotarajiwa, kwa maana hoja lazima iwe na mwenyewe. Kijana alisita sana kuandika "I". Kwetu kujitaja mbele ya wakubwa kunaonekana kama kujikweza, na nilimwelewa.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku nzuri kuliko zote tangu nianze.

Nilijua kwa mbali kwamba utafiti wa Busia ulizua ubishi, lakini sikuwahi kuzisoma ikisiri za pande mbili zikiwa zimelala mezani pamoja. Mwaka 2015 wataalamu wa epidemiolojia, taaluma ya kuenea kwa magonjwa, wengi wao wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, walizichukua data zilezile na kuzichambua upya, makala zao zikatoka katika International Journal of Epidemiology. Walikuta makosa katika hesabu za awali. Baada ya kuyarekebisha, dai la shule jirani kunufaika likapungua nguvu sana. Waandishi wa mwanzo walijibu, na mabishano yakawa makubwa hata yakapewa jina la vita vya minyoo.

Mimi si mchumi wala si daktari na siamui nani alishinda. Ninachokitazama ni sura ya maandishi. Watoto ni walewale, dawa ni zilezile, Busia ni ileile, na ikisiri hazifanani hata kidogo. Ya wachumi ni aya moja inayotembea kama hoja: dunia iko hivi, waliotangulia wamekosea hivi, sisi tumefanya hivi, kwa hiyo serikali igharamie. Za wanaepidemiolojia zimekatwa kwa vichwa, usuli, mbinu, matokeo, hitimisho, na lugha yake ni ya mtu anayekagua: hiki tumeweza kukirudia, hiki hatukuweza, hapa ushahidi ni dhaifu, hapa kuna hatari ya upendeleo katika data. Neno "bias", upendeleo wa kipimo, kwao ni la kila siku. Neno "externality", faida inayomwagikia jirani, ndilo moyo wa ikisiri ya wachumi.

Ndipo nikaona kwamba muundo haukuwa nguo tu. Mchumi aliuliza sababu na faida, akaridhika pale nasibu ilipomhakikishia chanzo. Mwanaepidemiolojia aliuliza kama watoto na walimu walijua nani kapewa dawa, kama mahudhurio yalihesabiwa sawasawa kila shule. Kila mmoja aliandika akijibu maswali ya wenzake wa korido moja. Walipokutana, kila upande uliona mwenzake ameacha mambo ya msingi.

Nimebadilisha mpango wa kijitabu leo hii. Sura ya kwanza haitakuwa hatua tano za Hyland. Itakuwa Busia, ikisiri mbili uso kwa uso.

Jumanne, 23 Septemba

Vitenzi. Siku tano nzima, na bado.

Kinachotuponza zaidi ni kuthibitisha. Kwa Kiswahili nathibitisha hesabu, nathibitisha nafasi kwenye basi, maabara inathibitisha malaria, utafiti unathibitisha nadharia tete. Kiingereza cha kitaaluma kimeligawa shamba hilo. "Prove" wameachiwa wanahisabati, na Green na Tao wanalo kwa haki. "Confirm" ni kukuta tena kile kilichokwisha kudaiwa. "Demonstrate" ni kuonesha kwa ushahidi mzito. "Verify" ni kukagua. Mwanafunzi wa afya akiandika "this study proved that" kwa hojaji za kituo kimoja cha afya, msomaji anasimama papo hapo, na pengine hasogei tena.

La pili ni Kiingereza chetu wenyewe cha Afrika Mashariki: "the study sought to establish", kisha ukurasa unaofuata "the study established that". Limo katika tasnifu za Nairobi, za Dodoma, za Kampala, kila mahali. Wanafunzi wanalirithi kutoka tasnifu za waliotangulia. Kwa masikio ya mhariri wa ng'ambo "established" ni nguzo iliyokwishachimbiwa, haitikisiki. Sisi tunamaanisha tu "tulibaini". Nimependekeza "we found". Ni fupi, na haliahidi zaidi ya lilicho nacho.

Nyakati pia. Tulichofanya na tulichokiona huandikwa wakati uliopita: "reduced", "was higher". Tunachodai kwamba ndivyo mambo yalivyo huandikwa wakati uliopo: "these findings suggest". Hili ni jepesi kulifundisha kwa Kiswahili kwa sababu viambishi vyetu "-li-" na "-na-" vinafanya kazi hiyohiyo. Wanahisabati hawana "-li-" kabisa. Namba tasa hazikuwa hivyo mwaka jana tu.

Ninapokwama ni "suggest". Watu wanaandika "matokeo yanapendekeza", na sikubaliani. Anayependekeza ni mtu au kamati, anapendekeza jambo lifanyike. Matokeo hayawezi kupendekeza. "Yanaonesha" ni zito mno. Na neno hili ni la lazima, ndilo linalobeba unyenyekevu wa sayansi nzima. Watson na Crick, wale wa muundo wa DNA, Aprili 1953, makala yao katika jarida la Nature haikuwa na ikisiri, lakini sentensi ya kwanza ilifanya kazi hiyo: "We wish to suggest a structure". Tunapenda kudokeza muundo. Nadhani "kudokeza" linakaribia. Nimeacha nafasi wazi kwenye jedwali.

Jumapili, 28 Septemba

Sura ya uaminifu. Niliahirisha kwa sababu inanipa uchungu.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la JAMA mwaka 1999 ulilinganisha ikisiri na makala zake katika majarida sita ya tiba. Ikisiri zilizokuwa na data zisizolingana na za ndani ya makala, au zisizoonekana humo kabisa, zilikuwa kati ya asilimia 18 na 68, kutegemea jarida. Mwaka 2010 Isabelle Boutron na wenzake walichukua ripoti 72 za majaribio ya nasibu ambayo matokeo yake makuu hayakuwa na uzito wa kitakwimu. Zaidi ya nusu, hitimisho la ikisiri lilipambwa ili tiba ionekane inafaa. Sasa fikiria mganga wa zahanati ambaye hana fedha za kununua makala nzima. Anasoma ikisiri, anaamua. Kwake hakuna kingine.

Maneno nayo yamevimba. Uchunguzi uliotoka katika jarida la tiba la BMJ mwaka 2015 ulihesabu maneno ya sifa katika ikisiri za PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, kama "novel", "robust" na "unprecedented". Kati ya 1974 na 1980 ikisiri zenye maneno hayo zilikuwa asilimia 2. Mwaka 2014 zikafika 17.5. Na sasa kuna wimbi jingine: makala ya Dmitry Kobak na wenzake, Science Advances, mwaka huu, imepitia ikisiri zaidi ya milioni 15 na kukadiria kwamba angalau asilimia 13.5 za mwaka 2024 zilipitia mikononi mwa programu za akili unde, kwa kufuatilia maneno yaliyoongezeka ghafla kama "delves" na "underscores".

Naliona hili kwa wanafunzi wangu. Zamani Kiingereza chao kilikuwa na makosa ya sarufi na dai lao lilikuwa palepale, unalishika. Sasa sarufi imenyooka na dai limeteleza. Nimewaambia wazi: tumieni programu kusahihisha, lakini sentensi ya matokeo muiandike kwa mkono wenu, kwanza kwa Kiswahili, mkiwa na jedwali mbele yenu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Binti amekuja mwenyewe, na daftari. Sikumwambia kitu kuhusu hatua tano. Nilimuuliza swali moja: mtu wa afya akisoma kazi yako, atatilia shaka nini? Akafikiri muda mrefu. Kisha akasema: "Atasema labda kina mama waliotembelewa nyumbani ndio waliokuwa na bidii ya kliniki tangu mwanzo."

Basi tukaandika kuanzia hapo. Usuli umebaki sentensi moja, Afrika na dunia zimeondoka. Mahali, mwaka, idadi ya kina mama, namna walivyochaguliwa. Kisha matokeo ya jedwali la tatu yamepanda juu, na namba zake mbili, na kadirio la makosa kwenye mabano. Alipofika kwenye kitenzi aliandika "proved", akakifuta bila kuambiwa, akaandika "was associated with". Akaniangalia. "Mwalimu, hivi sijaikana kazi yangu?" Nikamwambia hapana mwanangu, hapo ndipo umeikamata. Utafiti wake ulikuwa wa kuangalia tu, hakuwagawa kina mama kwa nasibu. Uhusiano ameuona, chanzo hajakipima.

Tulichelewa kwenye sentensi ya mwisho, kwa sababu ya "suggest". Alitaka kuiandika kwanza kwa Kiswahili kama nilivyowaambia. Nikampa "yanadokeza". Akasema kwao Tanga mtu akidokeza anasema kidogo makusudi na mengine anayajua, anayaficha. Matokeo hayafichi kitu, ila hayajatosha. Akapendekeza "yanaashiria": wingu linaashiria mvua, huenda ikanyesha, huenda isinyeshe, na wingu halikudanganyi.

Nimeliingiza kwenye jedwali, safu ya pili, kwa penseli ya zambarau.